Uzi: Alkalosisi, na sababu ya figo kushindwa kuiondoa

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Wanajukwaa, hapa Nairobi neno alkali, yaani kinyume cha asidi, limekuwa sifa ya biashara. Maji ya chupa yanayosemekana kuwa na alkali huuzwa ghali kuliko maji mengine, na wagonjwa hawaishi kuniuliza watumie nini ili waondoe asidi mwilini. Mimi ni mtabibu, na ningependa kueleza jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ipo hali ya damu kuzidiwa na alkali, nayo huitwa alkalosisi. Inapokuwa kali huvuruga mapigo ya moyo, huleta degedege na huweza kuua. Wagonjwa wa namna hiyo tunawapata wodini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wengi wao hawajawahi kuonja maji hayo ya chupa.

Damu ya ateri ya mtu mwenye afya huwa na pH kati ya 7.35 na 7.45. Kipimo hicho kiliasisiwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mwanakemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na nambari inapopanda ina maana kwamba asidi imepungua. Ikishuka chini ya 6.8 au ikipanda juu ya 7.8, uhai hauwezi kudumu kwa muda mrefu. Ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe, ni nanomoli 40 tu kwa lita ya damu, ilhali sodiamu ni milimoli 140 hivi, na milimoli moja ni nanomoli milioni moja. Yaani kwa kila ayoni moja ya haidrojeni kuna ayoni za sodiamu zaidi ya milioni 3. Kiasi hicho kidogo ndicho kinacholindwa usiku na mchana, kwa sababu protini zote za mwili, vikiwemo vimeng'enya na milango ya chumvi iliyo katika misuli ya moyo, hubadilika umbo na utendaji asidi inapozidi au kupungua.

Walinzi wakuu ni wawili. Mapafu hutoa kabonidioksidi, ambayo ikiwa ndani ya damu hugeuka kuwa asidi ya kaboni. Mtu mzima hutoa takribani milimoli 15,000 kwa siku kwa kupumua tu. Figo hushughulikia asidi zisizoweza kutoka kwa pumzi, kiasi cha milimoli 1 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ndizo zinazoamua ni bikaboneti, yaani alkali kuu ya damu, kiasi gani ibaki katika damu na ni kiasi gani iende na mkojo. Bikaboneti ya kawaida ni milimoli 22 hadi 26 kwa lita, na shinikizo la kabonidioksidi katika damu ya ateri ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. pH hutokana na uwiano wa viwili hivi, wala haitokani na kimoja peke yake. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwani nitalirudia.

Alkalosisi basi hupatikana kwa njia mbili. Ama bikaboneti imepanda, ama kabonidioksidi imeshuka kwa sababu mtu anapumua kupita kiasi. Nianze na ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye fumbo.

Chukueni mgonjwa ambaye ametapika kwa siku kadhaa. Chembe za ukuta wa tumbo hutengeneza asidi ya haidrokloriki, na kila zinapomwaga ayoni moja ya haidrojeni tumboni hurudisha bikaboneti moja kwenye damu. Katika siku ya kawaida hilo halina madhara, maana asidi hiyo ikifika kwenye utumbo mwembamba kongosho huteremsha bikaboneti ya kuizima, na hesabu hulingana. Anayetapika huimwaga asidi nje kabla haijafika huko, na bikaboneti yake hubaki ndani ya damu bila mwenzake.

Mpaka hapo hakuna fumbo. Fumbo ni kwamba figo nzima zina uwezo mkubwa wa kutupa bikaboneti iliyozidi. Mtu mwenye afya akimeza soda ya kuokea, baada ya saa chache mkojo wake hubeba ziada yote na damu hurudi ilivyokuwa. Kwa nini basi mgonjwa wetu abaki na alkalosisi hata baada ya matapishi kukoma?

Jibu liko kwenye matapishi yenyewe, kwa maana hakutoa asidi peke yake. Alitoa maji, na alitoa kloridi kwa wingi. Mwili uliopungukiwa maji hutoa homoni ya aldosteroni, ambayo huiamuru figo ishike sodiamu kwa kila hali ili damu isipungue. Lakini sodiamu hairudi peke yake, lazima ifuatane na ayoni ya chaji hasi, na ile iliyozoea kufuatana nayo ni kloridi, ambayo sasa imeadimika. Kwa hiyo figo hurudisha sodiamu pamoja na bikaboneti, ile ile ambayo ingepaswa kutupwa. Zaidi ya hayo, katika mirija ya mwisho ya figo ipo protini iitwayo pendrini, ambayo kazi yake ni kutoa bikaboneti kwa kupokea kloridi. Kloridi isipofika kwenye mirija hiyo, pendrini haina cha kubadilishana. Aldosteroni nayo huendelea kusukuma potasiamu na haidrojeni kwenye mkojo. Mwishowe unampima mgonjwa ambaye damu yake imejaa alkali na kukuta mkojo wake una asidi. Mwanafunzi anayekutana na majibu hayo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba chupa zimebadilishwa maabara.

Figo hapo haijaharibika, ila imelazimika kuchagua kati ya kulinda kiasi cha damu na kulinda pH, nayo huchagua damu. Ndiyo maana tiba ya mgonjwa huyu haihitaji kumpa asidi. Hupewa dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloridi kwa lita, pamoja na kloridi ya potasiamu kwa uangalifu, na figo humaliza kazi iliyobaki. Kloridi iliyo kwenye mkojo ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, kwa kawaida tunajua kwamba atapona kwa njia hiyo.

Dawa za kuongeza mkojo, kwa mfano furosemaidi na haidroklorothayazidi ambazo wengi wenye shinikizo la damu wanazimeza, huleta hali hiyo hiyo kwa mlango mwingine, kwa kuwa nazo hutoa kloridi na potasiamu. Tofauti ni kwamba kama dawa bado inafanya kazi, mkojo utaonekana kuwa na kloridi nyingi na utakudanganya.

Kijana wa Umoja ameandika:

Ahsante, daktari. Je, magadi tunayotia kwenye githeri na maharagwe nayo yanaweza kuleta alkalosisi? Shangazi yangu huyakoroga kwenye maji na kuyanywa kila anaposikia kiungulia, na anasema alifundishwa na mama yake.

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Kidogo kinachotiwa kwenye sufuria ya githeri hakiwezi kubadilisha pH ya damu ya mtu mwenye figo nzima. Figo huitoa alkali hiyo kabla hujahisi lolote. Kinachonisumbua zaidi kuhusu magadi ya chakula ni sodiamu yake, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Kuyanywa kama dawa ni habari nyingine. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na anayeyatumia mara kwa mara huku figo zake zikiwa dhaifu, au akiwa amepungukiwa maji na potasiamu, amefungiwa ule mlango wa kutokea nilioueleza. Historia ina fundisho kuhusu hili. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieneza tiba ya vidonda vya tumbo ambayo mgonjwa alinyweshwa maziwa na krimu pamoja na poda za alkali mara nyingi kwa siku. Maumivu yalitulia, lakini miaka iliyofuata madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wakipata alkalosisi, kalisi (kalsiamu) nyingi katika damu na figo kushindwa kufanya kazi. Ugonjwa huo ulipungua dawa bora za vidonda zilipopatikana, kisha ukarudi kwa sababu ya tembe za kaboneti ya kalisi ambazo watu humeza kwa ajili ya mifupa au kiungulia. Shangazi anayesumbuliwa na kiungulia kila mara anahitaji kuchunguzwa chanzo chake, na figo zake zipimwe pia.

Kuhusu magadi, niongeze jambo moja ambalo linanifurahisha hata kama halimsaidii mgonjwa. Katika Ziwa Magadi, kusini magharibi mwa jiji letu, kuna samaki jamii ya tilapia anayeishi kwenye maji yenye pH ya karibu 10. Samaki wengi hutoa taka ya amonia kupitia matamvua, lakini katika maji kama hayo amonia haitoki kwa urahisi, kwa hiyo huyu hutengeneza urea kama sisi. Yeye ndiye kiumbe aliyeumbwa kwa maji ya alkali, na hata yeye amelazimika kubadilisha kemia yake yote ili ayavumilie.

Msambazaji wa Maji ameandika:

Kwa heshima zote, daktari, mbona unapinga jambo ambalo sayansi imelithibitisha? Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kugundua kwamba saratani haiwezi kuishi kwenye mwili wenye alkali. Wateja wangu wamepima mkojo wao kwa karatasi na wameona rangi ikibadilika.

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Ndugu yangu, Warburg alipewa tuzo hiyo ya 1931 kwa kugundua asili na utendaji wa kimeng'enya cha upumuaji wa chembe. Aliandika pia kuhusu jinsi chembe za saratani zinavyotumia sukari, na kazi hiyo bado inaheshimika, lakini tuzo haikuwa ya maji wala ya vyakula vya alkali.

Kuhusu karatasi za mkojo, zinasema kweli, ila zinasema kweli ya mkojo. pH ya mkojo huweza kuwa 4.5 au 8 kulingana na ulichokula, na hubadilika hivyo kwa sababu figo zinatoa nje ziada ili damu isibadilike. Mteja wako anapoona rangi imegeuka, anashuhudia mwili wake ukitupa alkali aliyoinunua. Tena kabla haijafika huko imepitia tumboni, ambako pH huwa kati ya 1.5 na 3.5.

Sijasema kwamba maji hayo ni sumu kwa mtu mwenye afya. Nasema hayatibu ugonjwa, na mgonjwa wa figo anayeambiwa ayatumie badala ya dawa zake anadhulumiwa.

Binti wa Kangemi ameandika:

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67. Majibu yake ya maabara yanaonyesha bikaboneti 34, na potasiamu ni 4.4. Hajatapika, na hatumii dawa ya kuongeza mkojo. Amepikia kuni maisha yake yote kijijini na huchoka akipanda ngazi. Baada ya kusoma uzi huu nina hofu kwamba ana alkalosisi. Je, nimpe maji ya chumvi?

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Marahaba, binti. Tafadhali usimpe maji ya chumvi. Swali lako ndilo sababu ya mimi kusisitiza mwanzoni kwamba pH ni uwiano. Bikaboneti ya 34 peke yake haisemi kama damu ina alkali au ina asidi. Mtu aliyevuta moshi wa kuni kwa miaka mingi huweza kupata ugonjwa sugu wa mapafu, yakashindwa kutoa kabonidioksidi yote; asidi ya kaboni ikipanda polepole, figo hupandisha bikaboneti ili kuikabili. Kwa mama wa namna hiyo, bikaboneti iliyopanda ni jibu sahihi la figo dhidi ya asidi, na ukiishusha unamwondolea kinga.

Kosa la kusoma nambari hiyo moja liliwahi kugharimu maisha ya watu. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko mkali wa polio, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walipelekwa katika hospitali ya Blegdam. Maabara ilionyesha kwamba jumla ya kabonidioksidi katika damu yao, ambayo sehemu yake kubwa huwa ni bikaboneti, iko juu sana, na madaktari waliamini kwamba ni alkalosisi isiyojulikana chanzo. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa kwenye mashine za kupumulia za wakati huo, 27 walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoitwa alisema kinyume: hawa hawapumui vya kutosha, kabonidioksidi imewajaa, na damu yao ina asidi. Tarehe 27 Agosti binti wa miaka 12 aliyekuwa mahututi alitobolewa koo, akatiwa mpira, na Ibsen akampumulisha kwa mkono kwa kubana mfuko wa hewa. Kabonidioksidi ikashuka, na hali yake ikatengemaa. Poul Astrup, aliyeongoza maabara, alipima pH yenyewe na ikaonekana kwamba kweli ilikuwa asidi. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu za kubana mifuko hiyo kwa mikono, na vifo vikapungua hadi takribani robo ya wagonjwa. Vyumba vya wagonjwa mahututi tulivyo navyo leo vilianzia hapo.

Kwa hiyo mpeleke mama kwenye hospitali yenye mashine ya kupima gesi za damu ya ateri, na umwombe daktari ampime pia uwezo wa mapafu. Akianza kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa, usisubiri miadi.

Kwa kulinganisha, hebu tazama majibu ya alkalosisi halisi: pH 7.52, kabonidioksidi 48, bikaboneti 38, kloridi 82, potasiamu 2.6. Hapa bikaboneti iko juu na pH pia iko juu. Kabonidioksidi imepanda kidogo kwa sababu mapafu yamepunguza kupumua ili kusaidia, ingawa msaada huo una kikomo. Oksijeni ikianza kushuka, ubongo hulazimisha mtu apumue tena.

Mwalimu wa Bweni ameandika:

Naomba utufafanulie ile njia ya pili. Shuleni kwetu wasichana huanza kuhema wakati wa mitihani, vidole vikakakamaa, na wenzao huwaletea mfuko wa karatasi wapumulie. Je, tunafanya sawa?

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Mwalimu, mtu anayehema kwa hofu hutoa kabonidioksidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza, na pH ya damu hupanda ndani ya dakika chache, kabla figo hazijapata nafasi ya kufanya lolote. Alkali inapopanda, protini ya albumini huachia haidrojeni na kushika kalisi badala yake, hivyo kalisi iliyo huru hupungua ingawa jumla yake haijabadilika. Mishipa ya fahamu inayokosa kalisi huru hushtuka ovyo. Msichana huhisi midomo ikimwashawasha na vidole vikifa ganzi. Kisha kifundo cha mkono hujikunja, kidole gumba huingia kiganjani, na vidole vingine vinne hunyooka vikiwa vimebanana na kupinda penye maungio ya kiganja tu. Mkono wa namna hiyo huweza kutokea pia ukivimbisha mkanda wa kupimia shinikizo la damu na kuuacha kwa dakika 3, na ishara hiyo ina jina la Armand Trousseau, tabibu Mfaransa wa karne ya 19. Mishipa ya ubongo nayo husinyaa, ndiyo maana wengine huzimia.

Mfuko wa karatasi siupendekezi. Si kila anayehema ana hofu. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi hupumua kwa nguvu na kwa kina ili aitoe, na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874. Mtoto mwenye malaria kali hufanya vivyo hivyo, na mwenye pumu au damu iliyoganda mapafuni huhema kwa kukosa oksijeni. Ukimfunika mmojawapo wa hawa mfuko usoni unamnyima kitu anachokipigania. Mketishe msichana, ongea naye kwa sauti ya chini, mwelekeze apumue taratibu kwa kutumia tumbo. Asipotulia upesi, au akiwa na homa, maumivu ya kifua au midomo yenye rangi ya bluu, apelekwe hospitalini.

Mkunga Mstaafu ameandika:

Niongezee kidogo kutoka upande wa wodi ya wazazi. Homoni ya projesteroni humfanya mama mjamzito apumue zaidi, kwa hiyo kabonidioksidi yake ya kawaida huwa karibu 30, na figo hushusha bikaboneti ili kulinganisha. Vijana wapya wodini wakimwona mjamzito mwenye pumu ana kabonidioksidi ya 40 huandika kwamba ni ya kawaida. Huyo anachoka kupumua, na anahitaji msaada mara moja.

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Ahsante sana, mama. Hilo lingepaswa kubandikwa ukutani.

Mpanda Mlima ameandika:

Mwezi ujao ninapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana. Nimeandikiwa asetazolamaidi na kiongozi wetu anasema ni ya kuzuia kichwa kuuma. Inahusiana na mambo haya?

Mtabibu wa Eastlands ameandika:

Inahusiana moja kwa moja. Lenana ina mita 4,985, na kwa uhaba wa oksijeni mwili huongeza pumzi. Ukiongeza pumzi unapoteza kabonidioksidi na damu inaingia alkalosisi, na alkalosisi hiyo huuambia ubongo upunguze kupumua wakati ambapo oksijeni bado inahitajika. Mvutano huo huonekana zaidi usiku, mtu akilala pumzi hukatika na kurudi. Figo huchukua siku kadhaa kutoa bikaboneti ya kutosha ili kuondoa kizuizi hicho. Asetazolamaidi huziharakisha kwa kuzuia kimeng'enya kinachorudisha bikaboneti kwenye damu, kwa hiyo utakojoa sana na utahisi vidole vikiwashawasha. Sisi wa Nairobi, tulio katika mita 1,795 hivi, tumekwisha kuzoea sehemu ndogo ya safari hiyo, lakini isikufanye upande kwa haraka. Kama una historia ya mzio kwa dawa za salfa, mweleze daktari aliyekuandikia kabla hujaanza kuimeza, na ukiwa mlimani ukianza kuyumba unapotembea au kukosa pumzi ukiwa umekaa, teremka usiku huo huo bila kungoja kupambazuke.